Mtoto ndiye mkorofi, kwa nini anafundishwa mzazi?

Mzazi anayefikia hatua ya kumpeleka mwanawe kwa mtaalamu wa saikolojia kwa sababu ya tabia huwa ameshapita kwingi. Ameonya, amefoka, amechapa, amemwita mjomba aje amtishe, amemfikisha kwa shehe au mchungaji akaombewa, na kuna jirani ameshamshauri ampeleke bweni "akanyooshwe". Anachotarajia kwa mtaalamu kinaeleweka: mtoto aingie chumbani, mlango ufungwe, wazungumze, mtoto atoke akiwa mtu mwingine. Anachoambiwa ni kwamba atakayefundishwa, kwa wiki nyingi mfululizo, ni yeye mzazi.

Wengi huumia hapo. Wanasikia maneno yale yale waliyokwisha kuyasikia shuleni, kwenye daladala na ukweni: umeshindwa kulea. Tiba zenye ushahidi mkubwa kwa watoto wadogo wenye tabia sugu hupitia kwa mzazi kweli, lakini si kwa kuwa mzazi ndiye aliyeharibu. Mtaalamu anakaa na mtoto saa moja kwa wiki. Mzazi yuko naye asubuhi akigoma kuvaa viatu, jioni akikataa kuoga, usiku akigoma kulala. Mtoto akibadilika mbele ya mtaalamu tu, mabadiliko hayo yatabaki kule kule kliniki.

Utundu wa kawaida na tabia sugu

Mtoto wa miaka 2 kujitupa chini dukani ni mambo ya umri. Kijana wa miaka 14 kujibu kwa jeuri na kukwepa vipindi, mara nyingi, ni mambo ya umri pia. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt aliieleza vizuri tofauti hii mwaka 1993, akitegemea uchunguzi wa watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, ambao wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Wapo wengi ambao ukorofi wao huanza na ujana na kuisha na ujana. Lipo kundi dogo ambalo ukorofi huanza mapema, kabla hata ya kuzoea shule, na usipopata msaada huendelea. Hawa wa pili ndio wanaohusika na makala haya.

Mtaalamu huangalia muda kwanza: je, hali imedumu kwa miezi, au ni wiki mbili tangu mdogo wake azaliwe? Huangalia mahali: ni nyumbani tu, au hata shuleni na madrasa? Kisha madhara. Mtoto anayepiga wenzake mpaka wanaumia, anayetesa wanyama, anayechoma vitu moto kwa makusudi, anayeiba kila mara au kutoroka na kulala nje, huyo si mtundu wa kusubiriwa akue.

Kabla ya kumwita mtoto mkaidi, achunguzwe mwili. Asiyesikia vizuri huonekana hatii, kumbe amri haikumfikia. Kipo kifafa kisichoangusha mtu, ambacho humfanya mtoto apotewe kwa sekunde kadhaa akitazama tu. Kuna usonji, kuna tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, kuna watoto wasiolala vya kutosha. Na kuna mtoto aliyefiwa, aliyepigwa, au aliyefanyiwa ukatili wa kingono na hajamwambia mtu. Hasira yake ndiyo lugha pekee aliyobaki nayo. Mtaalamu asiyeuliza habari hizi amekwenda haraka mno.

Kuhusu dawa, kidonge cha kutibu ukaidi hakipo. Dawa za tatizo la kutotulia zipo na huwasaidia wenye tatizo hilo, na daktari bingwa anaweza kutoa dawa kwa muda pale ghadhabu inapohatarisha maisha. Lakini dawa haimfundishi mtoto namna ya kuomba kitu bila kupiga mtu.

Mtego unaowanasa wote wawili

Saa 2 usiku. Mtoto wa miaka 5 yuko sakafuni na simu ya mama yake, anaangalia katuni. Mama yuko jikoni. "Baba, lete simu, twende tukaoge." Kimya. Dakika mbili zinapita. "We, si nakuambia?" "Subiri." Mara ya tatu mama amepandisha sauti, mtoto naye anaanza kupiga kochi mateke. Mama anaipokonya simu. Mtoto anajibamiza kichwa ukutani, mdogo wake mchanga anashtuka usingizini na kulia, mboga inaanza kunukia kuungua. "Haya, shika! Malizia, unyamaze!" Nyumba inatulia.

Katika dakika hizo chache kila mmoja amejifunza jambo. Mtoto amejifunza kwamba amri ya kwanza na ya pili hazina uzito, na kwamba ghadhabu ikiwa kubwa vya kutosha, simu inarudi. Mama amejifunza kwamba kukubali huleta kimya. Kesho yake, kwa uchungu, mama akianza na mwiko badala ya maneno, mtoto atanyamaza papo hapo, na mama atajifunza tena: mwiko huleta kimya. Keshokutwa utahitajika mwiko mzito zaidi, maana mtoto naye atakuwa ameongeza. Kila anayepandisha anapata ahueni ya muda mfupi, na ahueni hiyo ndiyo inayomfunza apandishe tena.

Huu ndio mtego aliouchambua Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi Eugene, Oregon, tangu miaka ya 1960. Yeye na wenzake hawakubaki ofisini kuwauliza wazazi mtoto ana nini. Walituma watu wakae majumbani na kuandika, hatua kwa hatua, nani kafanya nini na mwenzake kajibu vipi. Alipoiandika nadharia yake kwa ukamilifu mwaka 1982, kilichoonekana wazi ni kwamba hakuna upande mmoja unaoendesha ugomvi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Patterson alionyesha namna hasa kilio hicho kinavyojengwa. Ila alionyesha pia kwamba anayeshindana na mwana kwa kelele na kipigo huishia kulia vile vile.

Jambo hili lina faraja ambayo wazazi wengi hawapewi. Wapo watoto waliozaliwa na damu moto, wepesi wa kuwaka na wazito wa kupoa. Ndugu wanne wa mtoto wa namna hiyo wamelelewa hivyo hivyo wakatulia. Yeye, kwa malezi hayo hayo, ananasa mtegoni. Mama yake si mlezi mbaya kuliko jirani yake. Amepata mtoto ambaye malezi ya kawaida hayamtoshi, na anahitaji ujuzi ambao jirani hajawahi kulazimika kuwa nao.

Ndani ya chumba cha tiba

Kati ya tiba zilizotokana na fikra hizi, ninayoiona inaeleweka upesi kwa mzazi ni ile iliyoanzishwa na Sheila Eyberg katika miaka ya 1970 huko Oregon na baadaye kukuzwa Chuo Kikuu cha Florida. Nayo ilijengwa juu ya kazi ya Constance Hanf, aliyekuwa akiwafundisha kina mama wa watoto wenye ulemavu. Inawahusu hasa watoto wa miaka 2 hadi 7, na haiendeshwi kwa mazungumzo. Mzazi hapewi mhadhara; anafanya, na anaelekezwa papo hapo.

Mama na mtoto wako kwenye chumba chenye meza ndogo na matofali ya kuchezea. Ukutani kuna kioo ambacho wao wakikitazama wanajiona wenyewe, kumbe nyuma yake mtaalamu anawaona. Mama ana kifaa kidogo sikioni. Mtoto anapanga matofali. "Unajenga nini, nyumba?" mama anauliza. Sikioni anasikia: "Usimuulize. Sema tu anachofanya." Mama anasita. "Umeweka tofali jekundu juu ya la kijani." Mtoto anainua macho, kisha anaendelea. "Hili ni gereji," anasema. "Ni gereji," mama anarudia. "Vizuri sana," inasema sauti. Mtoto anarusha tofali moja ukutani. Mama anafungua mdomo kumkaripia. "Geuka kidogo, usiseme kitu, chezea yako." Sekunde zinapita, ndefu. Mtoto anachukua tofali jingine na kuliweka taratibu. "Sasa! Msifie hilo." "Nimefurahi ulivyoliweka taratibu." 

Mtazamaji anaweza kudhani ni mchezo mtupu. Lakini vipimo vyake ni vikali. Ili kuvuka hatua hii ya kwanza, ndani ya dakika 5 mzazi anatakiwa atoe sifa 10 zinazotaja tendo lenyewe, arudie maneno ya mtoto mara 10, aeleze mara 10 anachofanya mtoto, na maswali, amri na makaripio yakijumlishwa yote yasizidi 3. Jaribu nyumbani leo na mwanao utaona ugumu wake. Sisi tumezoea kuongea na watoto kwa amri na maswali: umekula? kaa vizuri, acha hiyo, nani kakuambia? Mtoto mkorofi hupata zaidi ya hayo, kiasi kwamba siku nzima inaweza kwisha bila kusikia neno moja jema kutoka kwa mtu anayempenda. Kazi ya nyumbani ni dakika 5 za mchezo wa namna hii kila siku, hata siku ambayo amekuudhi. Hiyo hasa ndiyo siku inayohitajika.

Hapa huja pingamizi ambalo nalisikia kila mara: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa sifa za jumla pingamizi hilo lina nguvu. "Wewe ni mtoto mzuri" haimwambii afanye nini kesho. "Asante kwa kumpa mdogo wako zamu" inamwambia. Na kwa mtoto aliyezoea kuonwa pale tu anapovunja kitu, kuonwa anapojenga ni habari mpya kabisa.

Hatua ya pili ndiyo ya nidhamu, na haianzi mpaka ya kwanza ikamilike. Wapo wanaodhani tiba hizi ni za kubembeleza tu, hawajafika hapa. Mzazi anafundishwa kutoa amri moja kwa wakati mmoja, iliyo wazi, inayosema la kufanya badala ya la kuacha: "Weka viatu mlangoni," na si "Hivi wewe utaacha lini kutupa vitu hovyo?" Akishaitoa anasubiri sekunde 5 bila kuongeza neno. Mtoto akitii, anasifiwa. Asipotii, anaonywa mara moja: usipoweka viatu mlangoni, utakaa kitini. Asipotii tena anakaa kitini dakika 3, mahali pasipo na mchezo wala mazungumzo, na akimaliza amri ile ile inarudi. Viatu vitakwenda mlangoni hata ikichukua nusu saa. Hakuna matusi, hakuna kumkumbusha makosa ya juzi, na sauti haipandi.

Siku za mwanzo hali huwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Hili wazazi lazima waambiwe kabla, kwa sababu wasiojua huacha hapo hapo wakisema tiba imeshindwa. Mtoto ambaye kelele zimemlipa kwa miaka 3 haachi kelele siku ya kwanza zinapokosa malipo. Anaziongeza, akijaribu kama bei imepanda. Mzazi akikubali siku hiyo, amefundisha kiwango kipya.

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya Marekani havikuuwaza sana. Nyumba ina bibi, shangazi, dada wa kazi, na wapangaji wenzako uani. Mama amemkalisha mtoto kwenye kigoda, bibi anatokea: "Mwacheni mjukuu wangu, njoo baba," na andazi juu. Sioni njia ya kulikwepa hili. Bibi aitwe kwenye tiba. Dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa na mtoto muda mrefu kuliko wote, afundishwe dakika 5 za mchezo na namna ya kutoa amri. Wenye chumba kimoja wasiumize kichwa kuhusu kiti maalumu. Mkeka kwenye kona, mbali na televisheni, unatosha. Na baba aliye Muscat au Dubai kikazi anayepiga simu ya video kila Ijumaa aambiwe asitumie simu hiyo kumkaripia mtoto kwa makosa ya Jumanne.

Fimbo

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na ya wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilipiga marufuku adhabu ya viboko. Tanzania Bara kanuni za elimu bado zinairuhusu shuleni kwa masharti. Kwa hiyo sizungumzii jambo la pembeni.

Tobias Hecker na wenzake waliwachunguza watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2014: waliochapwa zaidi ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya tabia. Mtu atasema, bila shaka, wakorofi ndio wanaochapwa. Ni kweli, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kipi kilitangulia. Lakini rudi kwenye mtego wa Patterson: pande zote mbili zinachocheana. Kama fimbo ingekuwa inatibu, mtoto aliyechapwa kuliko wote mtaani angekuwa mtulivu kuliko wote.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa wazazi waliokuwa wameshafika mbali. Mark Chaffin na wenzake, Marekani, mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wazazi 110 waliokwisha ripotiwa serikalini kwa kuwaumiza watoto wao. Waliopewa tiba ya kioo na kifaa cha sikioni, wakifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 2, asilimia 19 waliripotiwa tena. Waliopewa mafunzo ya kawaida ya malezi, yale ya kukaa kwenye viti na kusikiliza, walikuwa asilimia 49. Hawa ni watu ambao jamii ilikuwa imeshawakatia tamaa. Kilichowasaidia ni kushikwa mkono wakati mtoto yuko mbele yao, na si mawaidha.

Akishakua

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea matofali hayafai. Tiba iliyofanyiwa utafiti mwingi kwa vijana wenye makosa makubwa, iliyoanzishwa na Scott Henggeler na wenzake Marekani, humfuata kijana alipo. Mtaalamu anashika familia chache tu kwa wakati mmoja, anakwenda nyumbani, anazungumza na walimu, anajua marafiki, na anapatikana kwa simu hata usiku wa manane, kwa miezi 3 hadi 5. Hata huko mtu anayejengewa nguvu zaidi ni mzazi: ajue mwanawe yuko wapi, yuko na nani, na afanye nini akichelewa kurudi.

Jambo ambalo halifai ni lile tunalolikimbilia: kuwakusanya vijana wakorofi mahali pamoja. Katika mji wa Cambridge na wa Somerville, Massachusetts, kuanzia mwaka 1939 wavulana 506 walihusishwa katika mpango wa msaada. Nusu walipewa washauri, masomo ya ziada na kambi za likizo, nusu hawakupewa. Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye, na mwaka 1978 akaripoti kwamba waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba walioathirika hasa ni wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Vijana hufundishana, anayesimulia uhalifu wake huchekewa na wenzake, na kicheko hicho ni malipo. Ndiyo maana nina mashaka makubwa na bweni la "kunyoosha".

Afrika Kusini, mpango uitwao Sinovuyo Teen ulijaribiwa kwa familia 552 za Eastern Cape, wazazi na vijana wao wakikutana kwa vikundi vijijini, na matokeo yalitoka mwaka 2018. Kipigo na ukatili nyumbani vilipungua na uhusiano ukawa bora. Tabia mbaya za vijana wenyewe, hata hivyo, hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi. Mpango huo huo ndio uliokuja Tanzania kwa jina la Furaha Teens na kuwafikia makumi ya maelfu ya wazazi na vijana mwaka 2020 na 2021. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini mzazi mwenye kijana anayebeba kisu asiambiwe kwamba vikao vya kikundi vitamtosha.

Kwa watoto ambao nyuma ya ukorofi kuna msiba, tuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 walishiriki jaribio la tiba ya vikundi ya kushughulikia majeraha ya moyo, na walezi wao wakawa na vikao vyao sambamba. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2020, yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma za kawaida katika maeneo 3 kati ya 4, yaani mjini na vijijini kwa kila nchi. Uhaba wa mabingwa ni mkubwa, lakini kazi hii hufundishika.

Unapotafuta msaada

Tanzania, anza na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Kesi ngumu hupelekwa Muhimbili au Mirembe. Kenya, afisa wa watoto wa eneo lako, au hospitali ya Mathari. Kabla ya kwenda, kwa wiki moja andika kila tukio: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata, pamoja na ulichofanya wewe. Nenda na yeyote anayelea pamoja nawe.

Ukifika, uliza maswali. Mimi nitafanya nini nyumbani wiki hii? Tutajuaje kwamba anapata nafuu? Bibi yake aje lini? Mtu anayemchukua mtoto peke yake miezi na miezi, na wewe hujaambiwa cha kufanya hata siku moja, mwache utafute mwingine. Anayependekeza kumfunga kamba, kumlaza njaa au kumchapa ili "kitoke", ondoka hapo hapo na mtoto wako.

Mtoto akiwa hatarini, au ukihisi mkono wako unakaribia kumuumiza, piga 116. Ni simu ya bure, Tanzania na Kenya, na wazazi pia husikilizwa.